Diski ya zamani yenye picha za familia: nakili kabla haijaanza kugonga

Machi 31 ni Siku ya Nakala Rudufu Duniani, inayoadhimishwa tangu 2011, na kila ikikaribia foleni kwenye dawati letu la kuokoa data hurefuka. Safari hii imekuja na malalamiko: mtu ameleta diski, amerudishiwa nusu ya picha. Uchungu wake tunauelewa. Ila tukifuatilia, mara nyingi nusu iliyokosekana ilipotelea nyumbani kabla diski haijatufikia.

"Picha zangu zina nakala, zimo kwenye diski ya nje." Na kwenye kompyuta je? "Nilizifuta, zilikuwa zinajaza nafasi." Basi hiyo si nakala. Hizo ndizo picha zenyewe, zimehama nyumba tu.

Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa nanomita chache. Kichwa kikiharibika unaweza kusikia tik, tik, tik, kimya, kisha tik tena. Hapo zima, chomoa, acha. Kila ukiiwasha tena unahatarisha kuikwangua sahani, na kilichokwanguliwa hakirudi kwa fundi yeyote. Kuiweka kwenye friza, tumeshasema mara nyingi, ni kuitilia unyevu tu. Kifuniko nacho kisifunguliwe. Vumbi usiloliona kwa macho linatosha kuiua.

Diski ikiwa kimya na bado inasomeka, nakili, usihamishe: faili za awali zibaki palepale mpaka umalize kuhakiki. Anza na picha ambazo hazipo kokote kwingine. Filamu utazipata tena. Nenda folda moja moja, na faili ikikwama iruke, utairudia mwisho. Programu ya ddrescue, ya kunakili diski zenye hitilafu, inafuata mantiki hiyohiyo: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, ndipo irudi kwenye zenye hitilafu. Kompyuta ikiuliza kama unataka kufomati, jibu ni hapana. Ikipendekeza kukagua na kurekebisha diski, hapana vilevile, kwa sababu marekebisho hayo huandikwa juu ya diski ileile inayokufa. Kazi yake ni kuunyoosha mfumo wa faili, yaani mpangilio wa faili kwenye diski, na picha ya bibi ikiwa ndiyo inayozuia, bibi ataondoka.

Ukiweza kusoma ripoti ya SMART, ambayo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake, tazama namba 5 na 197, yaani sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kubadilishwa na zinazosubiri uamuzi. Zikianza kupanda, usingoje wikendi. Zikiwa sifuri pia usijivune. Diski huweza kufa bila onyo.

Kuhakiki si kuhesabu vijipicha, zile picha ndogo zinazoonekana ukifungua folda. Fungua picha kwa ukubwa wake kamili. Tumeona ya harusi ambayo kijipicha chake ni kizima kabisa, lakini ukiifungua, nyuso zipo, na kuanzia mabegani kushuka chini ni kijivu kitupu.

Kuzituma kwenye kundi la familia la WhatsApp hakuhesabiki, maana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza tarehe iliyopigwa. Lengo ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mbali na nyumbani.

Kwa wanaotuletea diski: kipengele cha fomu kinachouliza "tangu hitilafu ianze umefanya nini" kijazwe kwa ukweli. Hatumkemei mtu. Lakini aliyeandika "hakuna", kisha tukakuta programu ya ukarabati iliendeshwa usiku wa jana, ombi lake hurudi mwisho wa foleni, kwa kuwa diski hiyo sasa inahitaji njia nyingine kabisa na fundi ameshapoteza asubuhi yake. Neno la siri, kama lipo, liandikwe kwenye fomu, lisibandikwe juu ya kifaa. Diski ya kupokelea iletwe siku hiyohiyo, iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Flashi ya GB 8 haiwezi kupokea terabaiti moja, na ndiyo, huletwa.