Je, wajua? Sato anayeogelea kizimbani anaweza kuwa faida kabla hajavuliwa

Ukisimama ufukweni upande wa Ilemela, Mwanza, ukatazama Ziwa Victoria, utaona maboya ya vizimba vya nyavu vya kufugia sato. Nje ya nyavu hizo, kwenye maji yaleyale, wapo sangara wanaojitafutia wenyewe. Ikifika Desemba 31, mhasibu wa kampuni ya vizimba anaweza kufunga hesabu zinazosema mwaka huu tumepata faida, na faida yote hiyo ikawa ni samaki ambao bado wako majini wanakula. Mhasibu wa kiwanda cha minofu ya sangara, ambaye labda ofisi yake iko kilomita chache tu kutoka hapo, haruhusiwi kuhesabu hata sangara mmoja wa ziwani. Ziwa ni moja, lakini vitabu vinawaona samaki hawa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Tofauti hiyo inafungua swali ambalo wafanyakazi, wanahisa na wanachama wa ushirika huliuliza kila mwaka: inakuwaje kampuni itangaze faida, kisha mwezi uleule ikose hela ya mishahara?

Jibu la haraka la mtaani ni kwamba wameila. Wizi upo, hilo halina ubishi, na wakaguzi wa hesabu wapo kwa sababu hiyo pia. Lakini mara nyingi hakuna haja ya mwizi yeyote ili faida ionekane na hela isionekane. Kinachotakiwa ni kuelewa kwamba faida na hela ni vitu viwili, na kwamba dhana ya kuwa faida ni "pesa iliyobaki baada ya kutoa matumizi" ni kweli kwa mwenye genge la nyanya tu, tena kama hakopeshi.

Chukua mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Amenunua dagaa kwa hela mkononi, kalipa makuli, kafunga magunia, kapakia lori la kwenda Kongo. Mteja wake wa siku zote amechukua kwa mali kauli: bei wamekubaliana, hela italetwa wiki sita zijazo. Vitabuni mauzo yamekamilika siku mzigo ulipokabidhiwa, na faida imeandikwa. Mfukoni hamna kitu. Katikati ya wiki hizo mbalamwezi inaingia, taa za wavuvi hazivuti tena dagaa, uvuvi unapungua, lakini kodi ya stoo inadaiwa vilevile na mlinzi anataka chake. Mtu huyu ana faida na hana nauli. Si mzembe na hajadhulumiwa. Yuko tu kati ya tarehe ya mauzo na tarehe ya malipo.

Mambo huenda na upande wa pili pia, na huku ndiko watu wengi hupotea zaidi. Shule binafsi inayopokea ada ya mwaka mzima mwezi Januari ina akaunti iliyojaa, lakini mhasibu anaiandika sehemu kubwa ya ada hiyo kama deni: wazazi wanaidai shule miezi ya masomo ambayo haijafika. Januari kuna hela nyingi na faida ndogo. Vivyo hivyo kwa mkopo wa benki. Milioni 200 zikiingia kwenye akaunti si mapato hata shilingi moja. Na kampuni ikinunua mtambo wa barafu kwa fedha taslimu, hela yote inatoka siku hiyo, ilhali vitabuni gharama inasambazwa kidogo kidogo kwa miaka mtambo utakapotumika, kwa jina la uchakavu. Mwaka wa ununuzi hela imekauka na faida bado ipo. Mwaka wa tano hakuna hela inayotoka kwa ajili ya mtambo ule, lakini faida inaendelea kupunguzwa.

Kwa hiyo mtu anayesoma gazetini kwamba kampuni fulani imepata faida ya bilioni 3, akauliza hizo bilioni 3 zimewekwa benki gani, anauliza swali lisilo na jibu. Hazikuwahi kuwa rundo la noti. Faida ni kipimo cha kazi ya kipindi kizima, na mapato na gharama zake huandikwa zinapotokea, si zinapolipwa. Mbinu yenyewe ya kutunza vitabu, kila muamala ukiandikwa pande mbili, ni ya zamani, maana Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliieleza kwa maandishi yaliyochapwa Venice mwaka 1494 akiwatazama wafanyabiashara wa mji ule. Kwa Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha Julai 2004.

Turudi kwenye vizimba, maana hapo ndipo pengo kati ya faida na hela linafika mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mfanyabiashara wa dagaa angalau ameuza. Kampuni ya sato haijauza, haijavua, wala haijatafuta mnunuzi, na bado inaweza kuandika faida.

Kanuni inayoruhusu hivyo ni kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 41, kinachohusu kilimo na ufugaji, kilichoanza kutumika Januari 2003. Kinasema mnyama au mmea ulio hai, unaotunzwa kwa ajili ya biashara, uandikwe kwa thamani yake ya soko siku ya kufunga hesabu, ukiondoa gharama za kumuuza. Thamani ikiwa imepanda tangu alipoandikwa mara ya mwisho, ongezeko hilo ni faida ya mwaka huu. Ikishuka, ni hasara ya mwaka huu.

Tuweke tarakimu za mfano. Kampuni inaweka vifaranga 10,000 vya sato kwenye kizimba mwezi Agosti, kila kimoja shilingi 200. Hizo ni milioni 2. Hadi mwisho wa Desemba imenunua chakula cha punje zinazoelea kwa milioni 10, na chakula ndicho huwa gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji huu. Walinzi wa usiku, petroli ya boti na vibarua wamekula milioni 2 nyingine. Jumla milioni 14 zimetoka, na hakuna hata shilingi iliyoingia.

Desemba 31 wanakwenda kwenye kizimba kwa boti. Kijana anachota samaki kwa wavu wa mkono, wanapimwa kwenye mzani wa kuning'inia, wanarudishwa majini, wanachotwa wengine upande wa pili. Wastani unakuja gramu 300. Daftari la vifo, ambalo mlinzi hujaza kila asubuhi anapookota waliokufa, linaonyesha wamebaki kama 9,000. Basi kizimbani kuna kilo 2,700. Bei ya sato kwa mnunuzi anayefuata mzigo mwaloni tuseme ni shilingi 7,000 kwa kilo. Thamani ni milioni 18.9. Ukiondoa laki 9 za kuwauza, inabaki milioni 18.

Milioni 18 toa milioni 14. Faida ya kipindi hicho ni milioni 4, imeandikwa, imekaguliwa, ni halali. Na akaunti ya benki imepungua kwa milioni 14.

Wasukuma hawatashangaa sana. Mfugaji wa Magu ambaye kundi lake limezaa ndama 15 mwaka huu ametajirika kweli, na kila jirani anaona hivyo. Lakini mwanawe akirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, ndama hawalipi mpaka mmoja afike mnadani. Utajiri umeongezeka zizini na haujawa hela. Kiwango namba 41 kinachukua jinsi wafugaji wanavyohesabu mali yao na kuiweka kwenye vitabu vya kampuni, pamoja na hatari zake zote.

Hatari ya kwanza ni bei. Tuseme siku hiyohiyo ya Desemba 31 bei imeporomoka hadi shilingi 5,000 kwa kilo. Kilo ni zilezile 2,700. Thamani inakuwa milioni 13.5, na baada ya gharama za kuuza inabaki milioni 12.6. Kampuni iliyokuwa na faida ya milioni 4 sasa ina hasara ya milioni 1.4. Samaki hakufa hata mmoja, na hakuna hela iliyotoka wala kuingia.

Hatari ya pili ni kwamba hesabu yote imesimama juu ya makadirio. Hakuna anayejua hasa kuna samaki wangapi ndani ya wavu mpaka siku ya kuvua. Daftari likikosa vifo mia tano, faida imevimba. Bei nayo haifanani kwa kila saizi, maana sato mdogo huuzwa kwa bei ndogo zaidi hata kwa kilo. Na maji ya ziwa yakijigeuza, yale ya chini yenye oksijeni haba yakapanda juu, samaki waliobanana kizimbani hawana pa kukimbilia, na kilichoandikwa faida kinaweza kuelea matumbo juu kabla ya mkaguzi kumaliza kazi yake.

Sasa yule sangara. Kiwango hichohicho kinasema wazi kwamba kuvuna kutoka chanzo kisichotunzwa na mtu, mfano uvuvi wa baharini, si shughuli ya kilimo. Sangara wa ziwani hajalishwa na kampuni, hana mwenyewe, na hivyo haingii kwenye vitabu vya yeyote. Anaingia siku kiwanda kinapomnunua, tena kwa gharama yake. Akishakuwa minofu kwenye chumba cha baridi, hubaki kwa gharama hiyo mpaka auzwe. Bei Ulaya ikipanda usiku kucha, kiwanda hakiandiki faida. Bei ikishuka chini ya gharama, hasara inaandikwa mara moja. Sato anaruhusiwa kupanda na kushuka, sangara anaruhusiwa kushuka tu.

Kwa nini waandaaji wa kiwango waliamua mali hai iandikwe kwa bei ya soko? Sababu yao ina nguvu sana kwa misitu. Shamba la miti hukua miaka 20 au zaidi. Bila kanuni hii kampuni isingeonyesha faida yoyote ya miti miaka yote hiyo, kisha ingeonyesha faida kubwa mwaka mmoja wa kukata, na msomaji asingejua kama msitu unakua au unakufa. Kwa samaki wa miezi sita hadi minane naona hoja inapungua nguvu, kwa kuwa huuzwa kabla miezi 12 haijapita. Wenye viwango nao wamekubali kwamba kanuni haifai kila kitu: tangu 2016 miti inayozaa kwa miaka mingi, kama michai na mibuni, imetolewa humo na kuandikwa kama mitambo. Kampuni za Norway zinazofuga salmoni kwa wingi hutangaza faida mbili, moja yenye ongezeko la thamani ya samaki walio majini na nyingine ya uendeshaji bila ongezeko hilo, na wachambuzi huanza na ya pili.

Tahadhari moja: si kila mwenye vizimba kati ya Ilemela na Sengerema atafanya hivi. Kampuni ndogo zinazofuata toleo la viwango kwa biashara ndogo na za kati zinaweza kubaki na gharama ikiwa thamani ya soko haipatikani kirahisi. Hivyo majirani wawili wenye samaki sawa, waliotumia hela sawa, wanaweza kutoa matokeo tofauti mwaka uleule, mmoja na faida ya milioni 4, mwingine bila faida wala hasara hadi atakapouza.

Pengo hili halihitaji samaki ili liue kampuni. W. T. Grant ilikuwa na maduka kama 1,200 nchini Marekani, ikawa inauza sana kwa mkopo na kuonyesha faida mwaka hadi mwaka. Mwaka 1973 hisa zake zilikuwa bado zinanunuliwa kwa karibu mara 20 ya faida ya kila hisa. Oktoba 1975 ikaomba kinga ya mufilisi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo shughuli zake hazikuwa zikizalisha fedha taslimu. Mauzo yalikuwa kwenye madaftari ya wateja.

Mahali pa kuliona pengo ni taarifa ya mtiririko wa fedha, ukurasa ambao mikutano mikuu mingi huuruka. Kwa kawaida huanza na faida yenyewe, kisha hutoa kila kilichoandikwa bila kupokelewa na kurudisha kila kilichokatwa bila kulipwa. Kwenye kizimba chetu ni mistari mitatu: faida milioni 4, toa ongezeko la samaki walio hai milioni 18, fedha kutoka kwenye uendeshaji ni pungufu milioni 14. Benki za Tanzania huchapisha taarifa hii magazetini kila robo mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kuzoea kuisoma bila kuomba kibali cha yeyote.

Kwa kampuni ya vizimba kuna ukurasa mwingine wa kutazama, kwenye maelezo ya hesabu. Kiwango namba 41 kinaitaka ionyeshe thamani ya samaki mwanzo wa mwaka, walionunuliwa, waliovuliwa, ongezeko la thamani, na thamani ya mwisho. Lakini kutenganisha ongezeko lililoletwa na samaki kunenepa na lile lililoletwa na bei kupanda, kiwango kinahimiza tu, hakilazimishi. Kwa hiyo unaweza kushika hesabu zilizokaguliwa, zenye muhuri na saini zote, usiweze kujua kama mwaka ule sato walikua au soko ndilo lilikuwa zuri. Mwanahisa anayetaka kujua atalazimika kusimama mkutanoni na kuuliza wastani wa gramu.