Dawa ukishatoa, tiki hapo hapo: maswali ya wahudumu wa makazi ya wazee, Moshi

Rekodi ya kielektroniki ni nini?
Ni faili la mzee kwenye kompyuta au kishikwambi: dawa alizopewa, presha, sukari, alivyokula, nani alimhudumia na saa ngapi.

Naweza kujaza zamu ikiisha?
Hapana. Mpe dawa, hakikisha amemeza, tiki ukiwa bado kando ya kitanda chake, ndipo uende kwa mwingine.

Mbona nakumbuka vizuri tu?
Hapana, tafadhali. Mzee wa kisukari umempa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi, hukutiki. Mwenzako anaingia saa 8 mchana, anakuta nafasi iko tupu, anampa tena. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, zaidi figo zikiwa dhaifu, na sukari inaweza kushuka usiku wakati watu wamelala.

Jioni babu anaongea yasiyoeleweka. Si uzee huo?
Si uzee! Uzee haumbadilishi mtu kati ya asubuhi na jioni. Pima sukari sasa hivi, msingoje kupambazuke. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na anameza vizuri, koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula. Kama hawezi kumeza, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali, Mawenzi au KCMC. Na kama anatumia glibenklamidi, apelekwe hata akizinduka, maana sukari inaweza kushuka tena. Sukari ikiwa sawa na bado haeleweki, apelekwe vilevile: huenda ni maambukizi au kiharusi.

Kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza kitandani, kila baada ya saa 2, naweza kutiki zote kwa pamoja?
Hapana, hapana. Kwenye kishikwambi zote zimetikiwa, kumbe hakugeuzwa, na ngozi ya juu ya makalio imeanza kuharibika. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Papasa, uone kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni.

Nitumie nywila ya mwenzangu?
Usitumie. Dozi ikileta shida, daktari atamuuliza mtu ambaye hakuwepo.

Umeme ukikatika?
Wekeni karatasi yenye jina, dawa, dozi, saa na sahihi kwenye toroli la dawa. Andika hapo hapo vilevile. Umeme ukirudi, ingiza saa uliyotoa dawa, si saa unayoandika, na mwenzako alinganishe na karatasi kabla hamjakabidhiana zamu.