Delko ikifika mwisho, tatizo haliko kwenye delko

Dereva mmoja wa taksi aliniletea Corolla gereji kwetu, hapa Kadutu, Bukavu. Injini ni 4A-FE na ilikuwa imetoka kufunguliwa yote: ringi mpya, beringi mpya, kilasi (kichwa cha injini, kwa wasio wa Kongo) kimepelekwa kusawazishwa. Akaniambia, "Fundi, inawaka vizuri. Lakini nikipakia watu wanne, kwenye mpando inakufa."

Kabla ya kushika spana niliitazama bolti ya delko, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda. Lile tundu refu linaloruhusu delko kuzungushwa, bolti ilikuwa imekaa ukingoni kabisa. Basi nikajua waliotangulia walikuwa wanatafuta nguvu kwa kuzungusha. Siwacheki, nami nilianza hivyohivyo: delko iko juu, inafikika kwa mkono mmoja, kwa hiyo ndiyo inayosingiziwa kila kitu. Ila injini iliyofungwa sawasawa, taimingi yake (wakati cheche inapotoka) huangukia maeneo ya katikati ya tundu. Ukiona imebidi uisukume hadi mwisho, kuna kitu kingine kilichokosewa na delko inakificha.

Niliweka taa ya taimingi. Kwenye injini hii ni lazima kwanza uunganishe matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kwenye kile kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti. Usipounganisha, kompyuta inaendelea kuwahisha cheche kwa hesabu zake na wewe unasoma namba isiyo ya delko. Nikaunganisha, nikasoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ndivyo Toyota wanavyotaka. Hapo ndipo mafundi wengi wanapozima taa na kumwambia mteja alete pampu mpya.

Taa inajua jambo moja tu: cheche inatoka lini. Vali zinafunga lini, haina habari. Na delko ya injini hii inazungushwa na kamishafti (shafti inayofungua vali), kamishafti inazungushwa na mkanda wa taimingi kutoka kwenye krankishafti, shafti ya chini inayosukumwa na pistoni. Mkanda ukikaa jino moja nyuma, vali zinachelewa na cheche inachelewa pamoja nazo. Kama pulei ya chini ina meno 24, jino moja ni digrii 15 za krankishafti, si kidogo. Fundi akiona cheche imechelewa anazungusha delko mpaka taa iseme 10. Cheche imerudi mahali pake, vali zimebaki kulekule. Injini itawaka, itatulia, lakini kwenye mpando itakudai.

Nikapima mbano. Silinda zote nne zilikuwa chini, na zilikuwa chini kwa usawa. Hapa ndipo injini iliyotoka kufunguliwa inapokudanganya, maana ringi mpya ambazo hazijakaa nazo hutoa mbano mdogo, na kila mtu atakwambia, "Subiri, izoee." Mimi humimina kijiko cha oili kwenye kila silinda na kupima tena. Mbano ukipanda sana, ni ringi. Hapa haukupanda karibu chochote. Ringi zilikuwa hazina kosa.

Sikukimbilia mkanda bado. Alama ya pulei nayo huwa inasema uongo: nyingine zina mpira katikati, mpira ukichoka, duara la nje lenye alama linateleza. Kwa hiyo nilitoa buji (plagi) zote, nikafunga kwenye tundu la silinda ya kwanza kizuizi nilichotengeneza kwa ganda la buji la zamani na bolti. Unazungusha injini kwa mkono, polepole, hadi pistoni iguse, unachora. Unazungusha upande wa pili hadi iguse tena, unachora. Katikati ya michoro miwili ndipo pistoni iko juu kabisa. Usithubutu kutumia starta kwa kazi hii, utatoboa pistoni. Alama ya pulei ilikuwa sahihi. Nikafungua kava, na kweli, mkanda ulikuwa nyuma jino moja.

(Kama injini haiwaki kabisa na inapigia moto kwenye kabureta, hiyo ni habari nyingine. Pistoni hufika juu mara mbili kwa kila mzunguko wa kazi, moja ya mbano na moja ya kutoa moshi. Ziba tundu la buji ya kwanza kwa kidole: ukizungusha injini na hewa ikasukuma kidole, ni mbano; pistoni ikifika juu hapo ndipo rota, ule mkono unaozunguka ndani ya delko, inapotakiwa kuelekea waya wa kwanza. Nusu ya delko zinazoletwa kwangu zikiwa "zimeharibika" zimegeuzwa tu.)

Niliporudisha mkanda, bolti ya delko ilirudi yenyewe karibu na katikati ili kupata zile digrii 10. Tulipanda na watu watano, gari ikapumua.

Dereva alifurahi, kisha akaomba: "Fundi, ongeza kidogo, iwe kali." Nilikataa. Bukavu tuko kwenye mita kama 1,500. Hewa ni nyepesi, injini inavumilia cheche iliyowahi, na wengi hutega kwa sikio hapahapa. Lakini huyu hupeleka abiria Uvira. Anashuka mteremko wa Ngomo, anafika Kamanyola kwenye joto, hewa imekuwa nzito, halafu anarudi amepakia na anapanda tena. Digrii nne za ziada zilizokuwa tamu mjini zinaifanya injini ianze kugonga huko chini, na esansi (petroli) ya madumu haisaidii. Tena kompyuta yake tayari inapima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi na kuwahisha inavyotakiwa.

Nikakaza bolti, nikapiga mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye delko hadi kwenye kilasi. Akirudi na mstari umekatika, nitajua alipita kwa nani.