Kirusi cha kondoo kilichokuwa cha ng'ombe

Wiki iliyopita mfugaji alinipigia simu. "Daktari, jana nimechanja mbuzi ndui, dawa imebaki nusu chupa. Ng'ombe wa jirani wametoka mapele. Niwadunge wangu?"

Swali la mzee yule ni zito. Virusi vya ndui ya kondoo, ndui ya mbuzi na mapele ngozi ya ng'ombe ni ndugu wa tumbo moja. Vinasaba vyao vinafanana kwa zaidi ya asilimia 95. Ukivitazama kwa hadubini huvitofautishi, na hata kipimo cha kingamwili za damu hakikwambii ni kipi. Kwa hiyo chanjo ya kimoja huweza kukinga dhidi ya mwenzake. Mzee hakuwaza vibaya.

Lakini kuna kisa cha hapa kwetu Kenya ambacho kila daktari wa mifugo angepaswa kukijua. Zamani kilipatikana kirusi kwa kondoo, kikaitwa KSGP O-240. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa kondoo, kikahesabiwa kuwa cha ndui ya kondoo na mbuzi, kikatengenezewa chanjo, nayo ikatumika miaka mingi, hata kwa ng'ombe. Vinasaba vyake viliposomwa, ikabainika ni kirusi cha mapele ngozi chenyewe! Kilikuwa kimepunguzwa makali kiasi cha kumfaa kondoo na mbuzi. Kwa ng'ombe, makali yaliyobaki yanaweza kumletea homa na mapele yale yale unayoyakimbia. Jina alilotupa mnyama wa kwanza kuugua lilitupoteza njia.

Kwa ng'ombe mimi hutumia chanjo ya Neethling, ambayo asili yake ni kirusi cha ng'ombe wa Afrika Kusini. Nayo ni chanjo hai, yaani yenye kirusi kilicho hai, na pengine huacha uvimbe pale sindano ilipoingia, lakini ilidhoofishwa kwa ajili ya ng'ombe.

Nikamweleza mzee kwamba kinga huchukua kama wiki tatu kukomaa, kwa hiyo achanje mapema, kabla mvua haijaleta nzi wang'atao na mbu. Hao ndio wanaobeba ugonjwa huu kutoka zizi hadi zizi. Akauliza kama watoto wataambukizwa. Hapana, binadamu haugui.

Na ile nusu chupa? Ilishachanganywa na maji yake tangu jana yake, na chanjo iliyochanganywa haikai; hata mbuzi haiwafai tena. Nikamwambia aichemshe, kisha aifukie.