Palipotulia ndipo pabaya

Jumapili imenitokea tena. Baba mmoja, mgeni wa mji, ametembea ghuba yote ya Malindi na wanawe watatu akikwepa povu, mpaka akafika pahali bahari imelala kimya. "Hapa ndipo," akawaambia, "hapana mawimbi." Nilikimbia hadi pumzi zikanikatika. Miaka yote hii nafundisha watu kuogelea, na kauli ni ileile. Shuleni sote tulikariri kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tukifika ufuoni twaivua methali pamoja na viatu.

Haya, tuelewane. Wimbi huvunjika likifika penye kina cha kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita moja litavunjika kwenye maji ya kifuani. Basi povu lakuonyesha fungu la mchanga liliko. Na pale ambapo kulia lavunjika, kushoto lavunjika, katikati halivunjiki, hapo si kwamba bahari imekuhurumia. Hapo pana mfereji. Maji yote yaliyorushwa juu ya fungu lazima yarudi yalikotoka, na njia yao nyepesi ni huo mfereji; hayo maji yakimbiayo kurudi baharini ndiyo mkondo. Bahari ikianza kupwa ndiyo mbaya zaidi: fungu lakaribia kutokeza, maji yabanwa kwenye mfereji. Wewe umewapeleka watoto mlangoni pa kutokea ukawaambia wacheze.

"Mbona Watamu twaogelea bila taabu?" Kwa sababu Watamu kuna mwamba, nao ndio unaopokea kipigo cha kusi kabla yako. (Mwamba nao una milango yake, lakini hayo ya siku nyingine.) Ghuba yetu haina mwamba wa kuikinga: mto Sabaki wamwaga maji matamu na tope, na matumbawe hayavumilii tope. Kwetu wimbi laja mpaka mchangani, na mchanga hauna kwao.

Habari za jini kuvuta miguu, tafadhali. Mkondo hauzamishi mtu, wampeleka nje, na ukishapita povu hulegea. Kinachozamisha ni kupigana nao. Mkali wake hufika mita 2 kwa sekunde, mwendo wa bingwa wa Olimpiki wa kuogelea kwenye mbio fupi. Wewe na chai yako ya asubuhi utaushinda?

Sasa nikiri jambo. Kwa miaka nimefundisha, "Ogelea sambamba na ufuo, utatoka." Kisha nikasoma kazi ya mtafiti wa bahari Jamie MacMahan na wenzake, ya 2010: waliachia vyombo vyenye GPS kwenye mikondo, na vingi vikazunguka vikarudi kwenye povu. Yaani ukichagua upande usio wako, waogelea dhidi ya mzunguko. Siku hizi nasema: lala chali, pumua, inua mkono, tazama wapelekwa wapi, ndipo ulifuate povu. Lakini kulala chali kwataka awepo mtu ufuoni wa kukuona, na kwetu mara nyingi hayupo. Sijaridhika na ushauri wowote kati ya hiyo miwili.

Tena vitabu husema, ili kuutambua mkondo, utafute ukanda wa maji yenye tope. Sabaki ikifurika ghuba yote huwa rangi ya chai ya maziwa. Utafute nini?

Ukiona mtu anapelekwa, usimrukie. Mrushie mtungi mtupu wa lita 20, kifuniko kikazwe.

Yule baba alinikasirikia kidogo, kisha Jumatatu akaja peke yake. "Haya mwalimu, nionyeshe ule mfereji." Nikanyoosha kidole palepale pa jana, kwa ujasiri wote. Wimbi likaja, likavunjika papo hapo, jeupe. Tulisimama kama dakika kumi kabla sijauona: umehamia upande wa gati, hatua arobaini hivi.