Kushiriki na kushirikishwa

Juzi mtaani kwetu ulisomwa muhtasari wa mkutano uliopita. Mahali fulani katikati ukasema: "Wananchi walishirikishwa katika mradi wa mfereji." Mkutano ule nilikuwepo. Daftari la mahudhurio lilizungushwa, tukaandika majina na namba za simu, kisha tukaoneshwa ramani ambayo fundi alikwisha kuanza kuchimba kwa kuifuata. Mama mmoja anayeuza mbogamboga pale kona aliuliza maji yatamwagwa wapi. Akajibiwa hoja imepokelewa. Kwenye muhtasari hayumo.

Ushiriki wa wananchi, kwa kifupi, ni watu wa kijiji au mtaa kuwa na kauli katika maamuzi ya eneo lao kwa miaka yote mitano, na si siku ya kupiga kura peke yake. Hilo wengi wanalijua. Kinachonisumbua ni neno "ushirikishwaji", ambalo siku hizi limekalia kiti cha "ushiriki" kwenye kila ripoti na kila semina.

"Shiriki" tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa shirika, ushirika, mshirika, na hata ushirikina, ambao asili yake ni kumwekea Mungu mwenza. Kote humo kiini ni kuwa na fungu katika jambo. Mshirika wako wa biashara humwiti aje kusikiliza faida ilivyogawanywa. Ana fungu lake, na mgawo bila yeye ni dhuluma.

Sasa lipachike "-ish-" ya kusababisha, kisha "-w-" ya kutendwa. Mtendaji wa jambo amekuwa mwingine. Anayeshiriki anakwenda mwenyewe. Anayeshirikishwa anangoja kuitwa, na asipoitwa hana la kusema.

Sibezi kushirikisha. Ni wajibu mzito wa kiongozi, na Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 inaujua. Ibara ya 146 inavipa vyombo vya serikali za mitaa mamlaka ya kuwashirikisha wananchi katika mipango ya maendeleo. Lakini inapomtaja mwananchi mwenyewe, katika Ibara ya 8, inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Watashiriki: kauli ya kutenda. Ofisi inashirikisha, raia anashiriki.

Kijijini jambo hili liko wazi zaidi. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Mkazi anaposimama kuuliza mapato na matumizi, hajakaribishwa na mtu, yuko kwake. Kusema "ameshirikishwa" ni kumgeuza mgeni nyumbani mwake.

Kwa ndugu zangu mnaoandika mihtasari, naomba hivi. Mkitusomea uamuzi uliokwisha kupita, andikeni wananchi walitaarifiwa. Mkitusikiliza kisha mkaenda kuamua wenyewe, andikeni waliulizwa maoni. "Walishiriki" liwekeni pale ambapo mikono ilinyooshwa, ikahesabiwa, na hesabu ile ingeweza kuibadili ramani. Na yule mama aandikwe: aliuliza maji yatamwagwa wapi.