Tiba ya ardhi kwa mimea: maana yake, na kwa nini jani lililotibu udongo lisiingie chunguni

Hapa Kampala wengi wetu tuliijua mitishamba kabla ya kuijua hospitali. Mtoto akizaliwa huogeshwa kyogero, maji yaliyochemshiwa majani ya aina aina. Mjamzito hunywa emmumbwa, donge la udongo na mitishamba lililosuguliwa kwenye maji. Homa ikibisha hodi, mululuza uko uani, mchungu kiasi kwamba mtu hupona ili tu asiletewe kikombe cha pili. Ukisema mmea ni dawa, hakuna atakayekushangaa. Watu hushangaa ukiwaambia kwamba mmea unaweza pia kupewa mgonjwa wa namna nyingine: kipande cha ardhi.

Hiyo ndiyo fitorimediesheni. Neno limeungwa kutoka phyton, yaani mmea kwa Kigiriki, na remedium, yaani tiba kwa Kilatini. Kwa Kiswahili cha kila siku ni kutibu ardhi au maji yaliyochafuliwa kwa kutumia mimea na vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi yake. Jina lilishika kwa wanasayansi miaka ya 1990. Mafunjo ya Uganda yameifanya kazi hiyo tangu enzi ambazo hakukuwa na wa kuipa jina.

Mzizi hunywa maji, na maji ya udongoni hayako matupu. Yamebeba chumvi ambazo mmea unazihitaji, kama zinki na fosfeti, na yamebeba pia visivyohitajika. Mlango wa mzizi una bawabu, ila bawabu mwenyewe hudanganyika. Kadimi, metali yenye sumu, inafanana sana na zinki, basi hupita kwa mlango wa zinki. Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, nayo hujipenyeza kwa mlango wa fosfeti. Mimea mingi ikishaingiliwa hivyo huizuia sumu palepale mizizini, isipande juu. Michache hufanya kinyume: huipandisha hadi majani na kuirundika huko bila kudhurika. Kule Katanga, kwa jirani zetu wa Kongo, kuna mmea mdogo uitwao Haumaniastrum katangense unaomea kwenye udongo wenye shaba nyingi ambako majani mengine hudumaa, na wanajiolojia wakiukuta hujua chini kuna nini. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba mmea mmoja wa jamii ya kangaga (fern), Pteris vittata, hufyonza aseniki na kuiweka kwenye majani yake kwa kiwango ambacho kingeua mimea mingi.

Uchafu wa mafuta una njia yake. Oili chakavu inayomwagwa gereji ni mnyororo wa kaboni, na bakteria wanaokaa karibu na mizizi wanaweza kuukatakata wakautumia kama chakula. Mmea huwalisha sukari na kuwapitishia hewa. Metali haikatwi. Risasi, ile metali nzito ya kwenye betri za magari, itabaki risasi hata ipite matumbo mangapi. Unachoweza ni kuihamisha, au kuituliza ilipo isitembee.

Hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa na habari nzuri. Husikia kwamba alizeti inasafisha udongo, wakadhani ukipanda msimu mmoja umemaliza. Tufanye hesabu. Hekta moja ya udongo, kwa kina cha sentimita 20, ina uzito wa tani 2,600 hivi. Tuseme kila kilo ya udongo huo ina miligramu 500 za risasi. Hiyo ni kilo 1,300 za risasi kwenye hekta. Sasa panda mmea wa kawaida, uvune tani 10 kavu kwa mwaka, na tuwe wakarimu tuseme kila kilo ya mavuno imebeba miligramu 100. Umeondoa kilo moja. Kwa mwendo huo utahitaji miaka 1,300. Kwa risasi, basi, lililo la busara mara nyingi ni kufunika: nyasi ngumu zinazoshika udongo ili vumbi lisiingie vifuani mwa watoto na mvua isiubebe hadi kisimani. Haliwapi wapiga picha kitu, lakini ni tiba.

Kinachotibika upesi zaidi ni maji machafu, na mfano wake tunao mlangoni. Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya Kampala ukikusanya maji ya mvua, ya viwandani, ya vyoo vilivyofurika na yale yatokayo mtambo wa majitaka wa Bugolobi. Yote hayo huelekea Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Murchison. Ukizunguka pwani ya ghuba hiyohiyo utafika Ggaba, yalipo mabomba yanayovuta maji ya kunywa ya mji. Baina ya mfereji na ziwa kuna ardhioevu ya Nakivubo.

Ukimkuta mtu anayekata mafunjo pale ukingoni, mwombe akung'olee moja. Halitoki peke yake. Linakuja na zulia la vijizizi vyembamba vilivyosukana kama nywele, vinavyochuruza maji meusi yenye harufu ya yai viza. Zulia hilo huelea, na maji ya mji hupita chini yake na ndani yake. Tope hunaswa na kuzama, likizama na sehemu kubwa ya metali. Mmea hunywa nitrojeni na fosforasi na kurefuka, hata kumpita mtu mara mbili. Bakteria wanaoishi kwenye nyuzi hizo hugeuza sehemu nyingine ya nitrojeni kuwa gesi ikaenda zake hewani. Watafiti waliochunguza Nakivubo miaka ya 1990 walikuta sehemu zenye mafunjo zinasafisha vizuri kuliko zenye nyasi za Miscanthidium, ambazo zulia lake ni zito na maji hayapenyi vyema.

Tatizo ni kwamba kinamasi hicho kimeliwa pande zote. Kimefukiwa kwa majengo, kikachimbwa mifereji, na mafunjo yakapisha magimbi, ambayo wenyeji huyaita mayuni, na miwa. Simlaumu anayelima, ardhi ya karibu na soko haipatikani Kampala, na gimbi linapenda maji. Ila angalia kilichotokea: mmea wa kuchuja umeondolewa, ukawekwa mmea wa kuliwa palepale uchafu unapopita.

Na hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kuhusu dhana hii. Uwezo uleule unaomfanya mmea awe fundi wa kusafisha ndio unaomfanya asifae chunguni. Dawa iliyomo ndani ya jani hutengenezwa na mmea wenyewe. Artemisinini, kwa mfano, hutengenezwa kwenye vinyweleo vya majani ya Artemisia annua. Kuitambua na kuitoa humo kulimpatia Tu Youyou wa Uchina tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa mseto tunazopewa zahanati kwa malaria zimejengwa juu yake. Risasi na kadimi mmea hauzitengenezi. Unazikuta. Kwa hiyo jani moja la aina ileile linaweza kuwa dawa kule Mpigi, nje ya Kampala, na sumu kando ya mfereji, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. La mfereji huenda hata likawa na kijani cha kupendeza zaidi, kwa ile mbolea yote.

Emmumbwa inanisumbua kuliko kyogero, kwa sababu yenyewe ni udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mitishamba, ukaviringishwa na kuanikwa. Mjamzito huisugua kwenye maji akanywa: mmea na udongo wake kwa pamoja. Nilimuuliza mama mmoja sokoni.

"Nnyabo, udongo wa hizi mumbwa unatoka wapi?"

"Kijijini, mwanangu."

"Kijiji kipi?"

Akacheka, akaishika moja akainusa kabla ya kunipa. "Wewe ni mnunuzi au polisi? Unaletwa kwa magunia. Mimi kazi yangu kufinyanga."

Hakuwa na kosa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu ukulima na uvunaji wa mimea ya dawa unataka swali hilohilo liulizwe: mmea umetoka wapi, na udongo wake ulikuwa na nini. Sokoni kwetu huuliza bei.

Kasese, magharibi mwa Uganda, hali ni nzito zaidi. Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makapi ya machimbo yaliachwa kwenye bonde la mto Nyamwamba, na mto ukifurika, kama ulivyofanya Mei 2013, huyamega na kuyashusha kwenye mashamba. Makapi hayo yana sulfidi, yaani madini yenye salfa. Sulfidi ikikutana na hewa na maji huzaa asidi, na asidi huyeyusha metali ikasafiri nazo. Ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kuna ukanda ambako maji ya namna hiyo kutoka rundo la makapi yaliua mimea na kuacha udongo mtupu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulipima udongo, maji na vyakula vya watu wa Kilembe, ukakuta metali za machimbo zimefika hadi kwenye baadhi ya mboga.

Pahali kama hapo huanzi na mmea. Kwanza ni chokaa, kupunguza ukali wa asidi, na samadi, maana hata jani sugu halimei kwenye unga wa mawe. Baada ya hapo nyasi. Vetiva hupendwa kwa kazi hii kwa kuwa mizizi yake hushuka wima hata mita tatu na haisambai kama gugu. Kisha miti ambayo mbuzi haigusi na mganga haihitaji. Kinachovunwa huko hakilishwi mifugo wala hakiwi kuni za jikoni. Huchomwa pahali maalumu na majivu yakahifadhiwa, la sivyo umeutoa uchafu ardhini ukauweka kwenye moshi.

Kwa mji, ushauri wangu ni mfupi. Vumbi la barabarani lililotua juu ya dodo, yaani mchicha wetu, au mululuza hupungua ukiosha kwa maji mengi. Kilichopitia mizizini hakioshwi, na kuchemsha hakukiui. Supu hubaki nacho. Mululuza wetu ulikuwa kwenye ua unaopakana na fundi wa betri za magari. Nimeuacha hapohapo ushike udongo wake. Kwa ajili ya kunywa nimechomeka kipande kipya kwenye gunia la udongo niliouleta mwenyewe kutoka shambani kwa shangazi, na wiki iliyopita kimetoa vikonyo viwili.